Moto Unaolala Nasi: Kutoka Mafiga ya Wazee Wetu Hadi Fanesi ya Gesi



Himidi zote zinamstahikia Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu wasomaji, makala hii imetokana na swali. Familia moja iliyotoka pande zetu hizi za Rusizi na kuhamia Marekani ilitupigia simu wakati wa baridi kali. Baba wa familia hiyo amesoma madrasa na hadithi anazijua. Kila usiku baada ya Isha alikuwa anazima ile mashine ya gesi inayopasha nyumba nzima joto, ambayo wenyewe huko wanaiita fanesi, kwa sababu Mtume (s.a.w.) amekataza kuacha moto ukiwaka wakati tumelala. Watoto wakawa wanalala na makoti. Alfajiri mama akiamka kuwatayarisha kwenda shule, anawasha oveni ya gesi na kuuacha mlango wake wazi ili jikoni pawe na joto. Baba akauliza: "Mwalimu, je, tunafanya sawasawa?" Tukamsikia na mama kwa nyuma: "Mwambie kichwa kinaniuma kila asubuhi."

Neno hilo la mama ndilo lililotunyima usingizi. Kuhusu oveni tulimjibu papo hapo: izimeni, fungueni madirisha, na mama apelekwe kwa daktari leo hii. Kuhusu hadithi tukaomba muda. Haya ndiyo tuliyoyakusanya, na tumeona tuyaandike kwa faida ya familia zote, za huku na za huko, maana moto ni mmoja.

Moto wa Madina

Hadithi anayoikusudia ndugu yetu ni sahihi, haina shaka. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Umar (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza watu kuacha moto majumbani mwao wanapolala. Na sababu yake haikufichwa. Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) amesimulia kwamba usiku mmoja nyumba iliwaka hapo Madina na watu wake wakiwamo ndani. Mtume (s.a.w.) alipoletewa habari yao akawaeleza Maswahaba kuwa moto ni adui kwao, na kwamba wanapotaka kulala wauzime. Naye Jabir bin Abdillah (r.a.) amepokea maagizo ya usiku yanayojulikana sana: kufunga milango, kufunika vyombo, kufunga viriba vya maji na kuzima taa, kwa kuwa panya anaweza kuukokota utambi akawaunguza wenye nyumba. Wala haikuwa dhana tu. Katika Sunan Abi Dawud, Ibn Abbas (r.a.) anasimulia kuwa panya alikuja kweli akikokota utambi, akauangusha juu ya mkeka aliokuwa amekalia Mtume (s.a.w.), ukaungua mahali pa ukubwa wa dirhamu.

Tuitazame nyumba yenyewe ya wakati ule. Kuta za udongo, paa la makuti ya mtende, mkeka chini, taa ya mafuta isiyo na kioo. Waliowahi kulala katika nyumba ya nyasi hapa Rwanda wanaifahamu nyumba hiyo bila kuelezwa.

Wanazuoni waliokuja baadaye walikutana na taa za namna nyingine, zilizotundikwa juu misikitini kwa minyororo, panya hazifikii. Je, nazo zizimwe? Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameligusa jambo hili katika sharhi yake ya Sahih Muslim. Amesema kuwa amri ya kuzima inaingia katika taa na moto mwingine wowote. Ama taa zilizotundikwa, ikiwa kuna hofu ya kuunguza nazo zinaingia katika amri hiyo, na ikiwa kuna amani nazo, kama ilivyo mara nyingi, basi inaonekana hapana ubaya, kwa kuwa sababu ya katazo imeondoka. Ibn Hajar naye katika Fath al-Bari amepita njia hiyohiyo.

Basi swali la ndugu yetu likageuka. Je, fanesi ni taa iliyo karibu na mkeka, au ni taa iliyotundikwa? Vitabu vya fiqhi vinatupa mizani, lakini cha kupimwa inabidi tukitafute kwingine: katika historia ya moto ndani ya nyumba za watu, na jinsi ulivyowaua.

Mafiga, nyasi na imbabura

Rusizi yetu ina hali mbili za hewa. Kule chini Bugarama, penye Waislamu wengi, joto ni la kulala dirisha wazi. Ukipanda kuelekea msitu wa Nyungwe, usiku una baridi ya kuuma, na mvua ikinyesha siku tatu mfululizo hata watu wa Kamembe wanatafuta pa kuota moto.

Wazee wetu wa milimani walikuwa wanalala karibu na moto. Nyumba ya msonge, mafiga matatu, kuni, na moshi ukipenya polepole katika nyasi za paa. Hatutaki kuipamba hali hiyo. Moshi ule uliwaharibu akina mama macho na vifua, na bado unaharibu: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, inayotokana zaidi na kuni, mkaa na mafuta ya taa. Lakini nyumba ile ilikuwa inapumua. Adui wake wa ghafla alikuwa cheche katika nyasi, adui yuleyule wa Madina.

Kisha nyumba ikabadilika. Yakaja mabati, matofali na saruji. Kiwanda cha saruji cha Cimerwa kilianza kazi hapo Bugarama mwaka 1984, na kufikia mwaka 2011 serikali ilikuwa katika kampeni ya kuziondoa nyumba za nyasi, nyakatsi, nchi nzima. Ni neema, na hakuna anayetamani kurudi kwenye nyasi. Ila hakuna aliyetuambia kwamba nyumba iliyozibwa vizuri inahitaji moto wa namna nyingine. Sisi tukachukua jiko la mkaa, imbabura, ambalo jirani zetu wa Bukavu wanaliita mbabula, tukaliingiza chumbani, tukafunga mlango na kuziba nafasi ya chini kwa kitambaa. Hasa chumba cha mzazi mwenye kichanga. Mkaa ukishakuwa mwekundu hautoi moshi, tukadhani ndiyo salama.

Hata sisi walimu tumelifanya kosa hilo. Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, mvua ilikuwa haikatiki, na darasa letu la jioni lina chumba kimoja chenye dirisha dogo. Tukaleta imbabura katikati ili watoto wapate joto wakati wa kusoma. Baada ya muda wakaanza kusinzia mmoja baada ya mwingine, tukawakemea kwa uvivu. Wawili wakatapika. Tukasema ni chakula. Mzee mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu wake alifungua mlango, akatutazama, akalibeba lile jiko kwa mikono yake na kulitoa nje kwenye mvua bila kutusalimia. Watoto walipona, Alhamdulillah. Lakini tunawakumbuka tuliowakemea.

Adui asiye na harufu

Kisa chetu si kipya. Katika karne ya 4, miaka zaidi ya mia mbili kabla ya kuzaliwa Mtume (s.a.w.), mtawala wa Kirumi aitwaye Julian alipita majira ya baridi katika mji ambao leo ni Paris. Yeye mwenyewe ameandika kwamba alikataa chumba chake kisipashwe joto, akitaka kuizoea baridi, mpaka ilipozidi akaruhusu aletewe makaa machache. Akashikwa na usingizi mzito, kichwa kikajaa, akakaribia kufa, akabebwa kutolewa nje, na madaktari wakamtapisha. Yeye alidhani ni mvuke uliotolewa na unyevu wa kuta. Sisi tulidhani ni chakula. Kila zama na kisingizio chake.

Ilibidi kusubiri karne ya 19 ndipo mtaalamu wa Ufaransa, Claude Bernard, akaonyesha gesi hii inafanya nini: inachukua nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Moto wowote wa mkaa, kuni, mafuta au gesi ukikosa hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho wala koo. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anavuta pumzi kama kawaida huku mwili wake unakosa pumzi. Kwanza kichwa kinauma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuishiwa nguvu, na usingizi. Aliye macho anaweza kutoka. Aliyelala hajui kitu. Mwishoni mwa karne hiyohiyo Mskoti John Scott Haldane aliichunguza gesi hii, hata kwa kuivuta yeye mwenyewe, akapendekeza wachimba migodi wachukue panya au ndege wadogo chini ya ardhi, kwa sababu wao wanadhurika mapema kuliko mtu. Panya aliyeshitakiwa kwa kuiba utambi huko Madina akawa mlinzi wa watu migodini! Subhanallah.

Watu wa Ziwa Kivu hatupaswi kuona ugumu kulielewa jambo hili. Upande wa Goma wanayajua mazuku, yaani hewa mbaya inayotoka ardhini penye volkano na kutuama mabondeni, ikiua mbuzi na hata watu bila kelele. Ile ni gesi nyingine, kaboni dioksidi, nayo ni nzito kuliko hewa, ndiyo maana inakaa chini. Kaboni monoksidi haikai chini. Inachanganyika na hewa ya chumba chote, kwa hiyo aliye kitandani na aliye mkekani wote ni sawa.

Gesi ya ziwa letu na gesi ya mabomba yao

Tukiwa bado ziwani, tuseme neno kuhusu gesi iliyomo humo, kwa sababu ndiyo daraja la kufika kwenye fanesi. Chini ya maji ya Kivu mna kaboni dioksidi nyingi sana na methani nyingi pia. Methani hiyo ilianza kutolewa kwa majaribio mwaka 1963 huko Rubona karibu na Gisenyi, ikapelekwa kuchemshia katika kiwanda cha pombe (tunasimulia historia, bidhaa hatuisifu). Leo mtambo wa KivuWatt ulioko Karongi, uliozinduliwa mwaka 2016, unaigeuza kuwa umeme wa megawati 26. Sisi tunaipata kwa njia ya taa. Lakini katika miji mingi ya Marekani na Ulaya, methani ya ardhini inapita katika mabomba chini ya barabara na kuingia hadi ndani ya nyumba, na ndiyo inayowaka katika fanesi.

Gesi yetu ya kupikia ya mtungi ni aina nyingine. Ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni kama maji. Methani ni nyepesi, inapanda juu. Zote mbili kwa asili hazina harufu inayotosha kumwonya mtu, na hapa pana kisa ambacho kila anayewasha gesi angepaswa kukijua.

Tarehe 18 Machi 1937, katika mji mdogo wa New London, jimbo la Texas, shule moja kubwa ililipuka dakika chache kabla ya watoto kwenda nyumbani. Shule hiyo ilikuwa imeacha kununua gesi kwa mkataba ili kuokoa gharama, ikaunganishwa na bomba la gesi ya ziada ya visima vya mafuta vya jirani kwa ajili ya kupasha madarasa joto. Gesi ikavuja chini ya sakafu, ikajikusanya, na kwa kuwa haina harufu hakuna aliyejua. Mwalimu wa useremala alipowasha mashine, cheche ikatosha. Wanafunzi na walimu wapatao 300 walikufa. Baada ya msiba huo ndipo Texas ikaweka sheria kwamba gesi itiwe dawa yenye harufu mbaya, na desturi hiyo ikaenea. Harufu ya yai bovu unayoisikia mtungi unapovuja imenunuliwa kwa roho za watoto wale. Sisi tunaofundisha watoto tukikisoma kisa hiki tunanyamaza kidogo.

Ama fanesi yenyewe, wazo lake ni la watu wengi. Kwanza watu wa nchi za baridi waliufungia moto ndani ya chuma na kuuwekea dohani ya kutolea moshi. Kisha wakauteremsha chini ya nyumba, ukawa moto mmoja wa kupasha vyumba vyote, wa kuni au makaa ya mawe, na kila asubuhi lazima mtu ashuke kuulisha. Mwaka 1919 mwanamke mmoja Mwafrika Mmarekani wa New Jersey, Alice Parker, alipewa hataza ya ubunifu wake: tanuri la gesi lenye vichomeo kadhaa, kila kimoja kikipeleka hewa ya moto sehemu yake ya nyumba kwa mabomba. Mashine yake haikutengenezwa kama alivyoichora, lakini mwelekeo ulikuwa huohuo, na tunaona ni haki binti zetu walisikie jina lake.

Siri ya fanesi ni moja. Hewa ya moto na hewa ya watu hazikutani. Gesi inawaka ndani ya chuma kilichofungwa, moshi wake unatoka nje kwa bomba, na feni inasukuma hewa ya nyumba ipite nje ya chuma hicho ipate joto tu. Moto ukikatika, gesi inajifunga yenyewe. Kwa ufupi, ni moto uliozungushiwa ukuta na kupewa njia ya kutokea. Oveni ya jikoni haikuundwa hivyo. Inapumulia mlemle wanamopumulia watu.

Na ukuta huo ukitoboka? Hapo ndipo inaporudi kuwa utambi mkekani.

Kabla baridi haijaingia

Kwa hiyo familia iliyo huko iangalie mambo haya mwezi wa Septemba au Oktoba, isingoje theluji. Kila mwaka aitwe fundi mwenye leseni aikague: chuma cha ndani kisiwe na ufa, vichomeo visiwe na kutu, viungo vya bomba la gesi visiwe vinavuja, na apime kaboni monoksidi kwa kifaa chake. Aliyepanga nyumba amwandikie mwenye nyumba, na abaki na nakala. Chujio la hewa ni rahisi, mtu anabadilisha mwenyewe kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu fanesi inapotumika. Likijaa vumbi mashine inachemka kupita kiasi na kuchakaa mapema.

Kubwa zaidi ni bomba la kutolea moshi. Fanesi za zamani moshi wake unapanda kwenye dohani, na ndege hujenga viota humo wakati wa kiangazi. Fanesi mpya nyingi zinautoa kwa bomba la plastiki ubavuni mwa nyumba, karibu na ardhi, na theluji ikirundikana inaliziba. Mtoto wa kiume aliye nyumbani apewe kazi hiyo ya kwenda kuifagia, ni bora kuliko kukaa na simu. Chumba cha fanesi kisigeuzwe stoo ya magodoro, rangi na petroli, wala matundu yake ya kuingizia hewa yasizibwe kwa kuogopa baridi. Ikiwa moto unaonekana, rangi yake iwe buluu iliyotulia. Ukiwa wa njano unaochezacheza, au ukiona masizi, zima na uite fundi.

Kuhusu kufunga fanesi mpya, tutasema wazi kwa sababu tunawajua watu wetu. Kuna ndugu anayejua kila kitu, umeme, bomba, gari, na anafanya kwa nusu ya bei. Kwa gesi, mwambie hapana kwa heshima. Kazi hii ina vibali na wakaguzi wake. Uingereza, kwa mfano, tangu mwaka 2009 fundi wa gesi lazima awe amesajiliwa katika Gas Safe Register, na mwenye nyumba ana haki ya kudai kadi yake kabla hajafungua mkoba. Shule ya New London nayo ilikuwa inaokoa gharama.

Na juu ya yote hayo, king'ora cha kaboni monoksidi. Kila ghorofa kimoja, na karibu na vyumba vya kulala. Kijaribiwe kila mwezi, na kibadilishwe tarehe yake ya mwisho ikifika, kwani hakidumu milele. Kikilia, watu watoke kwanza, hata kama wako katika Swala, maulizo baadaye. Ikisikika harufu ya yai bovu ni vivyo hivyo: usiguse swichi, usiwashe kitu, usipige simu ukiwa ndani. Toka, kisha piga.

Anayesafiri kuja kwetu kwa Iddi wakati kwao ni baridi, asiizime kabisa. Aiache katika nyuzi 13 hivi, la sivyo maji yataganda mabombani na kuyapasua, na atakuta nyumba ni bwawa.

Lipo jambo moja linalowashitua wageni: fanesi ni ya gesi, lakini feni na vidhibiti vyake ni vya umeme. Umeme ukikatika, gesi ipo na joto halipo. Hapa ndipo watu wa Afrika Mashariki walipoumia. Desemba 2006 dhoruba ilikata umeme katika eneo la Seattle, jimbo la Washington, nyumba nyingi kwa siku kadhaa. Watu wakafanya tulichokifanya sisi madrasani: wakaingiza jiko la mkaa ndani. Mamia waliugua na baadhi wakafa, na wahamiaji walikuwa wengi miongoni mwao, wakiwemo Wasomali. Gazeti la Seattle Times lililazimika kuchapisha onyo ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa. Februari 2021 Texas ilipoganda na umeme ukakatika, mambo yakajirudia, mara hii kwa mkaa, majenereta na magari yaliyowashwa ndani ya gereji, na familia moja ya Kiethiopia huko Houston ikaingia msibani. Watu hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa na elimu ya nyumba inayopumua, wakaitumia katika nyumba iliyozibwa.

Siku hiyo umeme unapokatika, familia nzima ikusanyike chumba kimoja na mablanketi, au iende kwa jirani mwenye joto, au msikitini, au vituo vinavyofunguliwa na serikali ya mji. Mkaa na jenereta vibaki nje, mbali na madirisha.

Tulichomjibu ndugu yetu

Tulimwambia hivi. Hadithi iko palepale na haijafutwa na mashine. Mshumaa, ubani, jiko la mkaa, oveni iliyo wazi, hita ndogo ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi: hivi vyote vizimwe kabla ya kulala, na hita hiyo na mkaa visiingie chumbani kabisa. Fanesi iliyofungwa na fundi, ikakaguliwa mwaka huo, bomba lake wazi na king'ora kinafanya kazi, kwa mizani ya an-Nawawi ni taa iliyotundikwa, naye anaweza kuiacha usiku, ila apunguze kidogo kwani israfu nayo imekatazwa. Ikiwa haijakaguliwa, au hana king'ora, basi haijui hali yake, na hofu ingalipo. Katika hali hiyo alikuwa sawa kuizima, lakini hakuwa sawa kukaa miezi bila kumwita fundi, kwa sababu watoto wanadhurika kwa baridi pia, na dini yetu haikubali kuondoa dhara kwa dhara nyingine.

Akaita fundi. Chujio lilikuwa limeziba kabisa, mashine yenyewe nzima. King'ora kilikuwepo ukutani tangu walipohamia, hakina betri. Mama aliacha kuwasha oveni na maumivu ya kichwa yakakoma wiki hiyohiyo.

Baada ya miezi miwili alikuja mtu safarini kutoka kwao, akatuletea kifurushi kidogo. Ndani mlikuwa na king'ora cha betri na karatasi: "Mwalimu, na nyinyi je?" Tumekitundika ukutani juu ya ubao. Imbabura iko nje barazani, chini ya bati, na watoto wakiona baridi wanatoka kwa zamu kuota moto, dakika tano tano.

Wallahu a'lam.